Jembe la Mgeni

Usiku ule wa kwanza walidhani ni moyo.
Nsimire alinikaza kitenge kifuani kama afungaye mzigo,
tukateremka Nyawera kwa pikipiki, watu watatu, mvua ikinyesha,
na shemeji yangu Bisimwa, kabla hatujafika hospitali,
alikwisha kumpigia seremala
kuuliza bei ya mbao.

Moyo ukapimwa. Moyo ukaonekana mzima,
unajiendea zake kama mke wa mchungaji akienda ibadani.
Wiki mbili baadaye wakaninywesha uji mweupe wa chokaa, bila sukari,
wakautazama kwenye kioo ukishuka:
umio wangu, bomba la nyama nisilowahi kulifikiria,
ukajikunja pingili pingili
kama rozari mkononi mwa mtu mwenye hasira.

Daktari Zihalirwa, kijana, kalamu imemvujia mfukoni,
akasema: Mama, hii haiui.
Nikangoja. Miaka hamsini na miwili ya kuuza sambaza
imenifunza kwamba bei ya kweli hutajwa mwisho.
Akasema: Lakini haihami.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu nimempa jembe, mwaka wa saba sasa.
Halimi. Haondoki.
Amekaa barazani mwa kifua changu,
pengine mwezi mzima nimemsahau,
kisha namega tonge la kwanza la bugali,
sombe bado inafuka,
na mlango unafungwa kwa ndani.

Ndivyo ulivyo umeme wetu hapa Kadutu.
Hautoi taarifa. Hukatika kinyozi akiwa kazini,
mteja nusu upara, nusu nywele,
na hakuna anayelia. Mtu hunyoosha mkono gizani,
mshumaa uko palepale.
Mshumaa wangu ni maji ya vuguvugu,
kidonge chini ya ulimi, mgongo wima,
na kuhesabu. Zamani niliomba. Siku hizi nahesabu.
Siku mbaya kuliko zote nilifika mia nne na kumi,
kisha kitu kikalegea, taratibu,
kama ngumi ya mtoto aliyepitiwa na usingizi.

Primus ya baridi, basi.
Chai ya moto ya matanga naipokea, naishika,
inapoa mkononi huku namsifu marehemu.
Ugomvi mezani, basi. Hilo ndilo gumu,
maana Bisimwa yu hai na kila Jumapili anakuja kula.
Yale niliyoyamezea miaka yote, sasa nayasema.
Si ushujaa. Hayapiti.

Wapo wachache, asema daktari, ambao baadaye
lango la chini hugoma kabisa kufunguka.
Ukianza kukonda, ukianza kurudisha chakula cha jana, usikawie.
Kwa hiyo kila asubuhi napima kwa fundo la kitenge:
limebaki palepale, namshukuru Mungu, navaa ndala, natoka.

Nikishuka kupokea samaki, hutazama ziwa linakotokea.
Maji yote yale, tangu Goma, Idjwi, mpaka kwetu,
na njia ni moja tu, Ruzizi,
nyembamba kama shingo ya kuku.
Labda nalo hukabwa usiku, sisi tumelala.

Jana mjukuu wangu Ntakwinja aliniuliza:
Bibi, utapona lini?
Nikamwambia nitazeeka nao, ugonjwa huu,
na pengine nitamzika mimi yule aliyeuliza bei ya mbao.
Hakucheka. Alisogeza sahani yake karibu na yangu,
akamega tonge dogo, dogo kama langu,
akafumba macho akitafuna, anahesabu kwa sauti.
Alifika kumi na tisa. Hakujua inayofuata.
Akaanza tena: moja.